Uzi: Adui aliyekufa anaporudishwa kwenye mwendelezo, mashabiki hudai nini hasa?

Mleta mada

Wakuu,

Tarehe 12 Aprili 2019, katika mkutano wa mashabiki wa Star Wars uliofanyika Chicago, trela ya kwanza ya The Rise of Skywalker ilimalizika kwa kicheko cha mtu ambaye kila aliyekuwamo ukumbini alijua kuwa amekufa. Taa zilipowaka, Ian McDiarmid, mwigizaji wa Kaizari Palpatine, alikuwa amesimama peke yake jukwaani, naye akaagiza trela ichezwe tena. Ukumbi ulilipuka kwa shangwe. Filamu ilipotoka Desemba mwaka huo huo, kurudi kwa Palpatine kukawa miongoni mwa mambo yaliyolaumiwa kuliko yote, na lawama hizo hazijaisha hadi leo. Adui alikuwa yule yule na mwigizaji wake yule yule, na waliolaumu ni jamii ile ile ya mashabiki iliyoshangilia mwezi Aprili. Ni lazima kuna jambo lililotokea kati ya kicheko na filamu yenyewe, na nimeanzisha uzi huu ili tulitafute kwa utulivu.

Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba mashabiki wa filamu za kisayansi hawaridhiki na chochote, yaani ukiwaletea adui mpya watasema hafikii yule wa zamani, na ukimrudisha wa zamani watasema umeishiwa. Sikubaliani nayo hata kidogo, kwa sababu wapo maadui waliorudishwa wakapokewa kwa heshima kubwa. Hoja yangu ni kwamba mashabiki humpokea adui anayerudi akiwa na deni la kudai kutokana na hadithi iliyotangulia, na humkataa yule ambaye kurudi kwake kunafuta gharama iliyolipwa ili aangushwe. Swali la alifufukaje, ambalo ndilo hubishaniwa kwa kelele zaidi, huja nyuma ya hilo kwa mbali.

Nianze na mfano ambao nauona kuwa bora kuliko yote. Khan Noonien Singh alionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1967 katika sehemu moja tu ya mfululizo wa televisheni wa Star Trek, akiigizwa na Ricardo Montalbán. Mwishoni mwa sehemu ile Nahodha Kirk hamfungi wala hamuui, bali anampa yeye na watu wake sayari nzima ya Ceti Alpha V waitawale wenyewe, na msaidizi wake Spock anabaki akiwaza kwamba ingependeza kurudi huko baada ya miaka mia moja kuona mbegu ile imezaa nini. Mwaka 1982, katika filamu ya The Wrath of Khan iliyoongozwa na Nicholas Meyer, jibu likapatikana, nalo ni chungu. Sayari jirani ililipuka miezi sita tu baada ya Khan kuachwa pale, njia ya Ceti Alpha V kulizunguka jua lake ikahama, na nchi ikageuka jangwa la mchanga na upepo. Watu ishirini wakauawa na wadudu wa pale, akiwamo mke wake. Kwa miaka yote kumi na mitano Kirk hakuwahi kurudi kuwaangalia.

Tazameni jinsi Meyer anavyomwingiza. Chekov, aliyewahi kuwa ofisa katika chombo cha Kirk, na nahodha wake mpya wanateremka kwenye sayari wanayodhani ni nyingine kabisa, wanakuta makontena yaliyogeuzwa makazi, na wakiwa wanapekua vitu, Chekov anaona mkanda wenye jina la Botany Bay, chombo ambacho Khan alikutwa akiwa amelala ndani yake. Hofu inampata kwa sababu ya jina lile tu, kabla mtu yeyote hajaingia. Mtazamaji ambaye hakuona sehemu ya 1967 anaelewa kutokana na uso wa Chekov kwamba kuna jambo la zamani lililoachwa bila kumalizwa, na aliyeiona anajua ni lipi. Kisha Khan anaingia na kusimulia aliyoyapitia, na kila anachokisimulia ni kweli. Adui huyu ana haki ya kukasirika. Ubaya wake ni kiwango cha kisasi anachokitafuta.

Mashabiki waligundua mapema kwamba Chekov hakuwa bado ameingia katika mfululizo wakati sehemu ya Khan ilipoonyeshwa, na kwa hiyo Khan anaikumbuka sura ambayo hatujawahi kuona akikutana nayo. Ni kosa la wazi kabisa la mtiririko wa hadithi. Kwa zaidi ya miaka arobaini limekuwa likitajwa, likitafutiwa maelezo, na kusamehewa, na halijaipunguzia filamu ile heshima hata chembe. Kama kweli mashabiki wangekuwa wanahukumu kwa usahihi wa maelezo peke yake, kosa hilo lingekuwa limeizamisha zamani.

Sasa mlinganishe na Palpatine. Katika Return of the Jedi ya 1983, Darth Vader anamtazama mwanawe Luke akichomwa kwa umeme wa Kaizari, anageuza kichwa kwa mmoja na kwa mwingine, kisha anambeba bwana wake na kumtupa kwenye shimo. Umeme ule unamharibu Vader, naye anakufa muda mfupi baadaye mikononi mwa Luke, uso wake ukiwa wazi. Filamu tatu zilijengwa zielekee kwenye tendo hilo, na tatu nyingine, za 1999, 2002 na 2005, zikatengenezwa kueleza kwa nini lilikuwa zito kiasi hicho. Mwaka 2019 mwanzo wa filamu unatutangazia kwa maandishi kwamba wafu wamesema, na baada ya muda mfupi rubani Poe anawaambia wenzake kwamba, kwa namna fulani, Palpatine amerudi. Basi. Vader alitoa uhai wake kumwondoa mtu ambaye hakuondoka, na ndani ya filamu hakuna hata mhusika mmoja anayesimama kulia kwa ajili ya jambo hilo. Kilichoniumiza mimi ni ukimya huo. Laiti Leia, ambaye ni binti wa Vader, angepewa dakika moja ya kulisema.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, nimekusoma kwa makini na naheshimu hoja yako, lakini kwa Palpatine umeionea filamu. Kwanza, wazo la yeye kurudi si la 2019. Vitabu vya katuni vya Dark Empire, vilivyoanza kutoka mwaka 1991, vilimrudisha katika miili iliyozalishwa kwa ajili ya kuihamishia roho yake, na mashabiki wengi wa zamani walivipenda. Pili, katika Revenge of the Sith ya 2005 Palpatine mwenyewe anamsimulia Anakin, ambaye baadaye ndiye Vader, habari za Darth Plagueis aliyejua kuwazuia watu wasife, kwa hiyo mbegu ilikuwa imeshapandwa. Tatu, filamu haikukaa kimya kama unavyosema, kwa kuwa katika tukio lile lile la Poe kuna mhusika anayetaja sayansi ya giza, uzalishaji wa miili na siri za Sith, kundi la giza la Palpatine, na hata kabla ya hapo tunaoneshwa matangi yenye miili ya Snoke, adui wa filamu mbili zilizotangulia. Tunataka tuelezwe mara ngapi?

Mleta mada

Ndugu yangu, yote matatu uliyoyataja ni sahihi na nashukuru kwamba umeyaleta, kwa kuwa yanaisaidia hoja yangu kuliko yanavyoipinga. Ukiyakusanya, utaona kwamba Palpatine ana maelezo ya kutosha ya namna alivyoweza kurudi: ana dokezo la 2005, ana sentensi ya 2019, ana matangi, na riwaya ya filamu iliyotoka 2020 ikaongeza kwamba roho yake ilihamia katika mwili ulioundwa. Hata hivyo hasira haikupoa. Shabiki anapouliza alirudije, mara nyingi anauliza kwa adabu swali lingine, nalo ni kwa nini kifo cha Vader kimetupwa.

Kuhusu Dark Empire, tukumbuke kwamba ilikuwa katuni, na msomaji aliyeichukia aliweza kuiweka kando na kuendelea kuamini kwamba hadithi iliishia 1983. Aprili 2014 wamiliki walipotangaza kwamba kazi zote za aina hiyo haziko tena katika historia rasmi, ilidhihirika kuwa hazikuwahi kuwa na uzito sawa na filamu. Filamu ya tisa katika mfululizo mkuu haiwezi kuwekwa kando kirahisi namna hiyo.

Niongeze jambo dogo ambalo hutajwa mara chache. Ujumbe wa Palpatine kwa galaksi nzima, ule unaotajwa mwanzoni mwa filamu, haumo ndani ya filamu. Ulisikika siku chache kabla ya uzinduzi ndani ya mchezo wa Fortnite. Fikirieni: adui mkubwa kuliko wote anarudi kutoka kwa wafu na kuutangazia ulimwengu, na aliyelipa kiingilio cha sinema hasikii tangazo lenyewe. Katika The Wrath of Khan tulisimama ndani ya kontena pamoja na Chekov na tukasikia kila neno.

Mchangiaji wa pili

Naomba kuuliza kuhusu Khan wa pili, yule wa Star Trek Into Darkness ya 2013. Mimi niliitazama bila kujua chochote kuhusu filamu za zamani, nikaifurahia kwa kweli, na nilishangaa kukuta mashabiki wa siku nyingi wameikasirikia kiasi kile.

Mleta mada

Swali zuri sana, na furaha yako ni halali. Filamu ile ilipokewa vizuri na wahakiki na watazamaji wa kawaida, lakini Agosti 2013, katika mkutano wa mashabiki huko Las Vegas, waliohudhuria waliiweka mkiani walipopanga filamu zote za Star Trek kwa ubora. Zilikuwapo sababu zaidi ya moja. Ipo ya kumpa Benedict Cumberbatch, Mwingereza mzungu, nafasi ya mhusika mwenye jina la Singh, nayo ni lawama nzito ambayo sitaki kuipita kana kwamba ni ndogo. Ipo pia ya usiri: kwa miezi mingi watengenezaji walisisitiza kwamba adui anaitwa John Harrison na kwamba si Khan, na baadaye mwongozaji J.J. Abrams mwenyewe alikiri kwamba huenda ingekuwa bora wangelisema jambo hilo tangu mwanzo.

Ila naomba ulitazame tena tukio la kujitambulisha, utaona tatizo liko ndani kuliko hayo. Harrison yuko kizuizini, nyuma ya kioo, na anatamka kwa uzito mkubwa kwamba jina lake ni Khan. Kirk anayemsikiliza hajawahi kulisikia jina hilo. Spock hajawahi kulisikia. Katika historia ile mpya, iliyoanzishwa upya tofauti na ile ya filamu za zamani, watu hawa hawajawahi kukutana, hakuna sayari aliyoachiwa, hakuna mke aliyefia jangwani, hakuna miaka kumi na mitano ya kusahauliwa. Inabidi baadaye Spock ampigie Spock mzee aliyetoka katika historia ya zamani, anayeigizwa na Leonard Nimoy, amuulize huyu Khan ni nani. Jina lile lina uzito kwa mtazamaji aliyeketi sinemani tu, na kwa wahusika ni sauti tupu. Khan wa 1982 alirudi na deni mkononi, ilhali huyu wa 2013 alikuja na jina peke yake.

Mchangiaji wa tatu

Kama kipimo chako ni deni na kumbukumbu, basi Thanos wa Avengers: Endgame, 2019, anakuvunjia hoja. Yule aliyeua nusu ya viumbe anakatwa kichwa mapema kabisa, na anayekuja vitani mwishoni ni Thanos wa mwaka 2014 aliyevuka wakati, ambaye hajafanya lolote kati ya yale wanayomlipizia. Wanda, mmoja wa mashujaa, anamwambia kwamba amemnyang'anya kila kitu, naye anajibu kwamba hata hamjui. Mbona mashabiki walishangilia?

Mleta mada

Pingamizi hili limenifanya nifikiri kwa muda. Ninavyoona mimi, filamu ile iliziba pengo kwa kuliweka wazi. Jibu la Thanos kwa Wanda ni la kikatili kwa sababu deni lipo na mdaiwa halijui, na mtazamaji anaachwa ahisi uchungu wa Wanda unaopiga ukuta. Waandishi walijua walichokipoteza kwa kumrudisha Thanos asiye na kumbukumbu, wakakitumia. Isitoshe, gharama ya awali haikufutwa: miaka mitano ya msiba ilibaki kuwa imetokea, na Natasha, shujaa aliyejitoa mhanga, hakurudi. Hata hivyo nakubali kwamba Thanos yule wa pili ni mwepesi kuliko wa kwanza.

Mfano ulio karibu na huo, na ambao kwangu ni bora zaidi, ni wa Kanali Quaritch, kamanda wa wanajeshi wa kibinadamu. Katika Avatar ya 2009 Neytiri, shujaa wa Wana'vi ambao ni wenyeji wa dunia ya Pandora, anamuua kwa mishale miwili kifuani, na hakuna aliyetoka sinemani akidhani kwamba amepona. Stephen Lang alitangazwa kurudi tangu mwaka 2013, kwa hiyo mashabiki walikuwa na muda mrefu wa kunung'unika kabla The Way of Water haijatoka Desemba 2022, na wengi walinung'unika kweli. Kisha ikaonekana James Cameron amefanya nini. Quaritch wa kwanza amekufa na atabaki hivyo. Huyu aliyepo ni mwili wa Kina'vi uliotiwa kumbukumbu zilizohifadhiwa kabla ya vita, kwa hiyo anakumbuka chuki yake yote lakini hakumbuki kufa. Anakwenda msituni, anaikuta mashine yake iliyoshika kutu, anatazama picha za kamera zinazoonyesha namna alivyouawa, kisha anaokota fuvu lake mwenyewe, analishika kwa mkono wake mpya wa bluu, na kulivunjavunja.

Tukio hilo halina maneno mengi na linafanya kazi ambayo The Rise of Skywalker haikuifanya kwa saa mbili na zaidi. Kifo cha 2009 kimetambuliwa: kina mahali, kina mifupa, kina ushahidi, na anayekichunguza ni yule yule aliyekufa. Ushindi wa Neytiri umebaki ushindi. Juu ya hayo, huyu wa pili analazimika kujiuliza kama madeni ya yule wa kwanza ni yake, likiwamo la mtoto, Spider, ambaye kwa mwili si wake na kwa kumbukumbu ni wake.

Mchangiaji wa nne

Hapo kwa Quaritch siwezi kukufuata hadi mwisho. Tukio la fuvu ni zuri, sikatai, lakini baada ya hapo anarudia yale yale: anamwinda Jake, mume wa Neytiri, anateka watoto, anashindwa. Mwendelezo wenye bahari nzima mpya ulistahili adui mpya. Kumrudisha mtu yule yule kunaifanya dunia kubwa kama Pandora ionekane ndogo.

Mleta mada

Nakubaliana nawe zaidi ya unavyodhani. Ulimwengu mzima, au galaksi nzima, unapokuwa na mtu mmoja tu anayeweza kuuhatarisha, hadithi inakosa hewa, na hata mwandishi stadi hulipa faini hiyo anapomrudisha adui. Ninachokitetea kwa Cameron ni namna alivyomrudisha. Kama alipaswa kumrudisha ni jambo jingine, na hapo una hoja.

Tusisahau pia njia ya tatu ambayo haihitaji fuvu wala deni, nayo ni kumrudisha adui akiwa upande mwingine. Katika Terminator 2 ya 1991, Arnold Schwarzenegger anarudi na sura ile ile iliyokuwa ya muuaji mwaka 1984, na filamu inamficha kwa makusudi hadi kwenye ukumbi mwembamba wa nyuma ya maduka, anapotoa bunduki kutoka katika boksi la maua na mtazamaji kudhani kwamba anamlenga mtoto. Si mashine ile ile, kwa kuwa ile ya kwanza ilipondwa, ila ni ya aina ile ile, na hofu ya Sarah, mama wa mtoto huyo aliyewindwa na mashine ya kwanza, anapomwona akitoka kwenye lifti ni gharama ya 1984 ikiwa hai mbele yetu. Matangazo yalikuwa yameshaifichua siri hiyo kabla, jambo ambalo bado linawaudhi mashabiki, na filamu ikasimama imara bila siri yake.

Mchangiaji wa pili

Je, adui anaporudi na mwigizaji mwingine? Nauliza kwa sababu ya Smith, ajenti adui, katika The Matrix Resurrections.

Mleta mada

Smith ni wa pekee, kwa sababu alisharudi mara moja na akarudi vizuri. Mwaka 1999, katika The Matrix, shujaa Neo anamwingia mwilini na kumpasua kutoka ndani. Mwaka 2003, katika Reloaded, kabla hatujamwona vizuri, anamletea Neo bahasha yenye kifaa chake cha sikioni, kile ambacho maajenti wote huvaa ili kupokea amri. Maana yake inaeleweka mara moja: hapokei tena amri ya mtu, na aliyemkata kamba ni Neo mwenyewe kwa kumwangamiza. Anarudi akiwa matokeo ya ushindi wa shujaa, na kila nakala yake inayoongezeka ni ushindi ule ukizidi kuoza. Kwangu mimi, kama sababu ya kumrudisha adui, inakaribiana sana na ya Khan.

Mwaka 2021 Hugo Weaving hakuweza kushiriki kwa sababu ya ratiba, na Jonathan Groff akachukua nafasi. Groff ni mwigizaji hodari, na filamu inatupia vipande vya picha za zamani za Weaving ili tumtambue. Lakini Smith wa Weaving alikuwa ni namna ya kutamka: kila herufi ya jina la Anderson, ambalo ndilo jina halisi la Neo, ikivutwa taratibu kwa dharau ya mtu aliyechoshwa na harufu ya binadamu. Groff anapolitamka jina lile anafanya uamuzi wa busara wa kutomuiga, na matokeo yake tunapata mhusika mpya wa kuvutia aliyebebeshwa historia ya mwingine. Angepewa jina lake mwenyewe, naamini leo tungekuwa tunamzungumzia kama mmoja wa maadui wazuri wa miaka ya karibuni.